Kilichosimama Nyuma ya Ami

 

Nimeingia studioni na bahasha mkononi. Ndani yake mna picha 11, nyeusi na nyeupe, kila moja haizidi kiganja, na kingo zake zimekwisha geuka rangi ya chai ya maziwa. Ni picha za ami yangu, mdogo wake baba. Kwa zaidi ya miaka arubaini zilikaa katika kasha la bibi, chini ya kanga, na hata leo ukizisogeza puani unapata harufu ya udi kabla ya harufu ya karatasi.

Ami alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa Ujerumani Mashariki kusoma. Wasikilizaji wa rika langu hawana haja ya kuelezwa, lakini wadogo zetu niwaambie: Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwanzoni mwa mwaka 1964, mara tu baada ya Mapinduzi, na urafiki ule ndio uliotuletea majumba ya Kikwajuni na ramani ya Michenzani. Wao walileta wahandisi, sisi tukapeleka wanafunzi. Ami alifikia mji wa Leipzig, katika Taasisi ya Herder, mahali walipofundishwa Kijerumani wanafunzi kutoka nchi za nje kabla ya kuingia vyuoni. Kisha akabaki huko huko akasomea kazi ya kupiga chapa, maana Leipzig ni mji wa vitabu tokea zamani.

Likizo ya kiangazi ya mwaka 1973, yeye na rafiki yake, Mzanzibari mwenzake, walipanda treni wakaenda kutembea Dresden. Si mbali, kilomita mia na kidogo. Wakakaa siku tatu. Ilikuwa likizo yao ya kwanza ugenini, na picha hizi 11 ndizo zilizosalia kutoka filamu nzima ya picha 36. Nyingine ziligawiwa, nyingine zilipotea, nyingine zililoana mvua za masika zilipoingia ndani.

Sasa nisikilize, nikueleze moja tu kati ya hizo.

Vijana wawili wamesimama kwenye uwanja wa mawe. Mmoja amevaa koti linalompwaya mabegani. Huyo ndiye ami. Mwenzake ameegemea begani kwake na anacheka. Nyuma yao kuna sanamu ya mtu aliyevaa joho refu, kitabu mkononi. Nyuma ya sanamu kuna kilima cha mawe, kilima hasa, kimeota majani na vichaka, na juu yake vimechomoza vipande viwili vya ukuta mweusi, kama meno mawili yaliyosalia kinywani mwa mzee. Kulia kwa vijana hawa pana nafasi tupu. Na chini kabisa ya picha, juu ya mawe ya uwanja, kimelala kivuli cha mtu aliyekuwa akiwapiga picha. Ni kivuli cha mwanamke: linaonekana gauni, na mkononi kinaning'inia kikapu.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba ami alikwenda kutembelea machimbo ya mawe. Nilimuuliza mama kwa nini mtu asafiri mpaka Ulaya akapige picha machimboni, naye akanijibu, "Ami yako alipenda kutazama kila kitu." Nikaridhika. Nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu nilipojua kwamba kile kilima kilikuwa kanisa.

Uwanja wenyewe unaitwa Neumarkt, yaani Soko Jipya, ingawa upya wake ni wa karne nyingi zilizopita. Kanisa ni Frauenkirche, Kanisa la Bibi Maria, lakini ni la Walutheri, na yule wa sanamu mwenye joho ni Martin Luther. Lilijengwa kati ya mwaka 1726 na 1743. Fundi mkuu wake, George Bähr, alifariki mwaka 1738 bila kuliona limekamilika. Bähr alithubutu jambo lililowatia wenzake hofu: alilivika kanisa kuba la mawe matupu, lenye uzito wa tani zipatazo 12,000, likisimama juu ya nguzo nane za mawe. Watu wakaliita Kengele ya Mawe, kwa umbo lake. Mwaka 1736, kuba halijamalizika, Johann Sebastian Bach alikuja kupiga kinanda kipya cha kanisa hilo. Mwaka 1760 jeshi la Prusia lilipoupiga mji kwa mizinga, makombora yalidunda juu ya kuba yakaanguka chini. Na katikati ya karne ile mchoraji kutoka Venice, Bernardo Bellotto, aliuchora uwanja huu kwa uangalifu mkubwa sana, na magari yake ya farasi na watu wake wanaopita na shughuli zao. Basi hata kabla ya kamera kuvumbuliwa, uwanja wa Neumarkt ulikuwa umekwisha zoea kutazamwa.

Usiku wa tarehe 13 Februari 1945, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, zilikuja ndege za Uingereza. Kesho yake zikaja za Marekani. Vita vilikuwa vinaelekea ukingoni na mji umejaa wakimbizi kutoka mashariki. Tume ya wanahistoria iliyotoa ripoti yake mwaka 2010 ilikuta kwamba waliokufa hawazidi watu 25,000. Propaganda ya Wanazi ilitangaza mara kadhaa ya idadi hiyo, na wako ambao mpaka leo wanairudia. Naitaja hesabu ya tume kwa makusudi. Watu elfu ishirini na tano wanatosha kuliliwa; hawahitaji kuongezewa.

Kanisa halikuanguka usiku ule. Watu wapatao 300 waliokuwa wamejificha chini ya sakafu yake walitoka hai. Mji uliwaka kulizunguka na kuba likabaki juu, siku ya kwanza, siku ya pili. Lakini moto ulikuwa umeingia ndani, na zile nguzo nane zikawa zinapikwa taratibu kama chungu juu ya mafiga. Tarehe 15 Februari, saa nne asubuhi, zikaachia. Tani zote zile zikashuka, na Dresden ikapotea ndani ya vumbi.

Hicho ndicho kilima kilichosimama nyuma ya ami.

Kilikaa pale miaka karibu hamsini. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilijenga mengine na kuvunja mengine, lakini hili haikulijenga wala haikuliondoa, na mwaka 1966 ilitangaza rasmi kwamba magofu yale ni ukumbusho wa kupinga vita. Wenyeji nao hawakukitupa kifusi. Vipande walivyovitambua walivipa namba wakaviweka, kama mtu anayeweka vifungo vya shati ambalo limechanika. Tarehe 13 Februari 1982, usiku, vijana walikwenda pale na mishumaa kudai amani, katika nchi ambayo mkusanyiko kama ule ungeweza kumtia mtu matatani. Walichagua mahali pale kwa sababu hapakuwa na haja ya kueleza chochote. Mawe yalikuwa yamekwisha sema.

Nilimuuliza ami anakumbuka nini. Anakaribia miaka themanini sasa, masikio yake mazito kidogo lakini kumbukumbu imo. Akaniambia: "Mjini kulikuwa na makelele ya tramu. Ukifika pale, watu wanapunguza sauti. Ni kama unapita mbele ya nyumba yenye matanga."

Hapo, ndugu msikilizaji, nifike kwenye jambo lililonifanya nije na bahasha hii.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, mwezi Februari 1990 watu wa Dresden, akiwamo mpiga tarumbeta mashuhuri Ludwig Güttler, walitoa mwito kwa ulimwengu: tusaidieni tulijenge kanisa letu. Januari 1993 wakaanza kukifungua kile kilima. Nasema kukifungua kwa sababu hawakukizoa kwa makatapila wakakitupa. Kila jiwe lililofaa lilipimwa, likapigwa picha, ikaandikwa lilikutwa wapi, maana mahali jiwe lilipolala kwenye kifusi ni dalili ya mahali lilipokuwa juu ya ukuta. Kompyuta zikasaidia kuyatafutia mawe majirani zake wa zamani. Kwa kuta na kuba walikuwa na michoro na vipimo vilivyoachwa na mafundi wa ukarabati wa kabla ya maangamizi. Waashi wanaweza kufuata mchoro.

Lakini milango?

Milango ilikuwa ya mbao za mwaloni, yenye nakshi, na yote iliteketea. Mbao hazikai kwenye kifusi zikasubiri miaka hamsini. Maelezo yaliyoandikwa yalikuwa ya juu juu, hayamtoshi mchongaji. Sisi Wazanzibari tunalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Huwezi kumwambia fundi wa milango "weka nakshi" ukaondoka. Atakuuliza ua gani, mnyororo unapita wapi, kizingiti cha juu ni cha duara au cha mraba. Nani angewajibu mafundi wa Dresden?

Walijibiwa na maharusi.

Watu waliooana katika kanisa lile walifanya wafanyavyo maharusi kila mahali: walitoka nje, wakasimama mbele ya mlango na jamaa zao, wakapigwa picha. Hakuna aliyekwenda kupiga picha mlango. Mpiga picha alimtazama bi harusi, shela limekaa sawa au halikukaa, na mama mkwe amefumba macho au hakufumba. Mlango ulikuwa nyuma tu, kama ulivyo ukuta wowote. Basi wajenzi wakatangaza: mwenye picha ya zamani iliyopigwa mlangoni pa kanisa, atuletee. Zikaja. Watu walileta hata albamu nzima za harusi zao, na mafundi wakazipanga, wakaangalia kati ya bega la mjomba na kofia ya shangazi, wakapata ubao mmoja hapa, ua moja pale, mpaka nakshi zikarudi zote. Milango iliyoko leo ilichongwa kwa kusaidiwa na picha hizo.

Nimelifikiria jambo hili siku nyingi. Kabati za wajane, masanduku ya viatu chini ya vitanda, albamu zilizobebwa na wakimbizi badala ya sahani: ndimo mlango wa kanisa ulimokuwa umejificha vipande vipande, na hakuna hata mmoja kati ya wale waliouhifadhi aliyejua kwamba anauhifadhi.

Na kuna familia ambazo mwito ule haukuzifikia, na siwezi kupita bila kuzitaja. Umbali mfupi tu kutoka Neumarkt lilikuwapo sinagogi kubwa lililochorwa na msanifu Gottfried Semper. Lilichomwa moto Novemba 1938, miaka zaidi ya sita kabla ya ndege, na Wajerumani wenyewe, kisha likabomolewa. Wayahudi wa Dresden nao walipita Neumarkt kila siku, nao walikuwa na harusi na sherehe na kamera. Wengi wao walisafirishwa wakauawa, na albamu zao zikaenda walikokwenda. Kila ninapoziwaza zile albamu zilizoletwa, naziwaza pia ambazo hapakuwa na mtu wa kuzileta.

Ami alipiga picha zake kwa kamera ya Praktica, aliyoinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa amemaliza masomo anarudi kwao. Nilipoyafuatilia haya ndipo nikajua kwamba Praktica zilitengenezwa Dresden yenyewe. Kamera ile ilikuwa imerudi nyumbani kwao siku ile, mwenyewe hana habari. Dresden ulikuwa mji wa kamera tokea kabla ya vita: Ernemann, Zeiss Ikon, na Ihagee waliotoa Kine Exakta mwaka 1936. Huko ndiko alikoishi mpiga picha Richard Peter, ambaye mashambulizi yaliteketeza hazina yake yote ya picha na vifaa. Aliporudi mwaka ule ule wa 1945 akatafuta kamera nyingine, akapanda mnara wa ukumbi wa mji, akapiga ile picha ambayo huenda umeiona: sanamu ya mawe imenyoosha mkono juu ya mji uliobaki kuta tupu. Mtu aliyepoteza kila picha alianza tena na picha.

Kanisa lilifunguliwa tarehe 30 Oktoba 2005. Zilitumika yuro zipatazo milioni 180, na zaidi ya nusu yake ilikuwa michango ya watu. Msalaba wa dhahabu ulioko juu ya kuba ulitengenezwa Uingereza, na mmoja wa mafundi wake, Alan Smith wa London, alikuwa mtoto wa rubani aliyeshiriki mashambulizi ya Februari 1945. Baba alipita juu ya mji ule usiku na mabomu. Mwana akaurudia na msalaba. Sina la kuongeza hapo.

Mawe ya zamani takribani 3,800 yalirudishwa ukutani, na unayajua kwa macho. Jiwe la huko ni la mchanga, lina chuma ndani yake, na kadiri linavyokaa nje linageuka jeusi. Kwa hiyo ukuta mpya ni wa rangi ya malai, na juu yake yametapakaa mawe meusi, moja hapa, matatu pale. Walioujenga hawakuyapaka rangi yafanane na wenzake. Waliyaacha na weusi wao, na naamini walifanya vizuri.

Wako waliopinga ujenzi. Walisema magofu yalikuwa yanasema kweli kuliko kanisa jipya litakavyosema, na kwamba ukishajenga, na kuzunguka uwanja ukapanga nyumba mpya zenye sura za zamani, mgeni atakuja atakunywa kahawa na kuondoka akidhani hapakutokea kitu. Siwezi kuwadharau. Mimi nafurahi kwamba kanisa limesimama, maana watu walioishi na kaburi mlangoni kwa miaka hamsini wana haki ya kutaka mlango wa kawaida. Lakini hoja yao ndiyo iliyonirudisha kwenye picha ya ami, na mara hii niliitazama kwa macho mengine.

Kwa sababu kilima kile hakipo tena.

Wale waliopiga picha harusi zao kabla ya vita walihifadhi kanisa. Ami, kijana wa Zanzibar aliyekuwa likizoni, alihifadhi kutokuwapo kwake. Vichaka vile, nyasi zile, vile vipande viwili vya ukuta vikiwa peke yao angani: hayo nayo yalikuwa sura ya uwanja kwa miaka mingi, watu walizaliwa wakakua wakiamini kwamba Neumarkt ni hivyo. Leo kijana wa Dresden aliyezaliwa baada ya mwaka 2005 hajawahi kuyaona. Picha iliyokuwa kashani kwetu, inanukia udi, imekuwa shahidi wa jambo ambalo hata wenyewe wanapaswa kusimuliwa.

Ndiyo maana nasema picha za matembezi zitolewe kashani zigawiwe, na zigawiwe nzima. Siku hizi watu wakinakili picha kwa simu hukata pembeni, wakabakisha uso. Uso tunaujua. Nenda na picha dirishani, kwenye mwanga usio wa jua kali, ipige kingo zote nne, na nyuma yake pia, maana mara nyingi nyuma ndiko kuliko na mwaka. Kama nyuma hakuna kitu, andika wewe kwa penseli, kalamu ya wino itapenya mbele. Na kabla hujaandika, kaa na mzee. Usimuulize "hii ni wapi?" tu. Muulize alikuwa ametoka wapi asubuhi ile, alikula nini, nani alishika kamera.

Sisi tulipozigawa picha hizi kwa jamaa, jambo la kwanza lililotokea halikuhusu kanisa hata kidogo. Yule rafiki wa ami anayecheka pichani ametangulia mbele ya haki, miaka mingi sasa. Watoto wake hawakuwa na picha hata moja ya baba yao akiwa kijana. Walimjua na mvi na kikohozi. Binti yake mkubwa alipoipata hakusema kitu mpaka kesho yake, kisha akampigia ami simu akamuuliza swali moja: baba alikuwa anacheka nini? Ami alikumbuka. Walizungumza muda mrefu, na alichomwambia ni chao, hakikuja kwangu.

Mwenzangu Mzanzibari, najua unawaza nini, kwa sababu nami niliwaza hayo hayo. Ni nyumba gani mjini isiyo na picha ya sikukuu ya Idi, watoto wamepangwa Forodhani na nguo mpya, na nyuma yao limesimama Beit al-Ajaib? Jumba la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, ambalo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na mafundi wawili wakafa. Tuliwatazama watoto katika picha zile, na soksi zao, na nani alilia. Vibaraza na nguzo viko nyuma yao, vimetulia. Kama unazo, zitoe.

Nimalizie na kivuli.

Mtoto wa binamu yangu anaishi Ujerumani, na majira ya joto yaliyopita alisimama Neumarkt, akaipata sanamu ya Luther, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mawe ya uwanja yakakaa kama yalivyo kwenye picha ya ami, akapiga. Akatutumia. Nikaenda nazo zote mbili kwa ami, ya zamani mkononi na mpya kwenye simu, nikamwekea sambamba juu ya meza. Alizitazama kwa muda. Aliligusa jiwe moja jeusi kwenye kioo cha simu kwa ncha ya kidole, picha ikaruka, nikamrudishia.

Nikamuuliza, ami, nani aliyewapiga hii ya 1973?

"Mama mmoja," akasema. "Alikuwa anapita na kikapu chake. Tulimuomba. Kijerumani chetu bado kilikuwa kidogo. Akaishika kamera, kisha akaishusha, akatuonyesha kwa mkono tusogee kushoto. Tukasogea. Akasema tena, tusogee. Mimi nikadhani anataka sanamu ionekane."

Nikamwambia sanamu haikuwa upande ule.

Akaivuta simu karibu na macho. Palipokuwa na nafasi tupu, kulia kwao, mahali ambapo katika picha ya zamani pana nyasi na mawe tu, katika picha mpya kuna mlango wa mwaloni.